Wimbo Ulioupiga Nyuma ya Nyumba

Likasi, Kikula

Yaya Éphraïm, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia sana, weye na shemeji Glodie. Lubumbashi inawatunza? Kile kikohozi kimekuacha? Huku tuko wazima, ni magoti ya Mama tu yanayosumbua. Nakuandikia barua kwa sababu jambo hili kwa simu singelifikisha mwisho.

Kanisani kuna wimbo mpya, watu wanatoka mbali, hata Kamatanda, kuja kuusikia. Kinanda kinabadili akodi kila mapigo mawili, saksofoni yangu inakimbizana nazo, na chini besi na ngoma vinapiga rumba yetu ya kawaida. Déogratias wa besi alinung'unika majuma matatu kwamba nataka kumvunja vidole. Sasa anajigamba kuliko minye mwenyewe.

Unajua desturi yetu: wimbo hautungwi, unapokelewa kwa Mungu. Pasta aliniuliza mbele ya wote niliupokea lini. Nikajibu kwamba ni katika kufunga, siku ya tatu. Vigelegele vikapigwa. Mama akalia, na tangu hapo analia kila Jumapili.

Yaya, wimbo ni wako. Ni ile bibopu, jazi ya mbio, uliyokuwa unaipiga nyuma ya nyumba, ile iliyofanya wakutoe kwaya, eti muziki wa dunia, na Mama akakufungia mlango, sasa miaka minne. Nimepunguza mwendo wake nusu ili watu waweze kuimba, lakini melodi ni yako na akodi ni zako. Nilikuibia, kisha nikajifunika kwa jina la Mungu. Naona haya kabisa.

Juzi nilishindwa kuendelea kuficha, nikamwambia Mama. Nilitegemea kuchapwa makofi. Yeye aliendelea kuchambua matembele yake, akasema alijua tangu Jumapili ya kwanza. Uliupiga chini ya dirisha lake kila siku, angeusahau namna gani? Alikuwa anangoja tu mwizi aseme mwenyewe. Halafu akaniangalia.

“Ule mwisho unauharibu,” akasema. “Ita Éphraïm aje aumalize.”

Jumapili nitalitaja jina lako mbele ya Pasta. Wakinitoa kwaya na minye, wanitoe. Lakini kuja, yaya, nakuomba.

Msalimie sana shemeji. Salamu za Mama sikupewa. Anasema zake atakupa mwenyewe, mlangoni.

Mdogo wako,
Arsène