Mchanga Umesawazishwa, Baba

Kwa Hillary Mbithi, daktari wa mifugo, mume wa Munyiva na baba yetu.

Mwaka umezunguka ukafika pale pale, Baba, tangu ile Alhamisi ya mwezi wa tatu ulipotutoka ghafla hapa nyumbani Kitengela, chai yako ikiwa bado mezani. Watu walituambia machozi hukauka. Yetu hayajakauka, ila tumejifunza kuyaacha yatoke huku kazi zikiendelea.

Simu yako bado inalia. Mama amekataa laini ifungwe. Mfugaji anapiga kutoka Ewuaso Kedong akiuliza ndama wake anayeharisha apewe nini, na Mama anamweleza vile alivyokuwa akikusikia ukieleza, kisha anamwambia taratibu kwamba daktari hayupo tena. Wengi humpa pole. Halafu huuliza, "Na wewe mama, uko namna gani?" Ulipanda wema, na mavuno anayapokea yeye.

Tunakumbuka ulivyowajua ng'ombe wa watu kwa rangi na watoto wa watu kwa majina. Tunakumbuka soksi kuukuu uliyokuwa ukipangusia viatu, na mluzi uliopiga kila mpira wako wa gofu ulipopotelea vichakani, kana kwamba mpira ni mbwa na utarudi. Tunaukosa mluzi huo kuliko tulivyodhani mtu anaweza kukosa mluzi.

Lakini leo tuna habari moja ya kukupa, kwa maana tunajua ndiyo ungeiulizia kwanza: Munyiva amerudi uwanjani, au bado?

Wanaosoma haya na hawakukujua huenda wakashangaa, gofu na daktari wa ng'ombe wapi na wapi. Uwanja wenyewe uko nje ya mji wa Kajiado, mashimo tisa, na nyasi zake ni za kubahatisha. Mvua ikikosa, ni vumbi na miiba. Mpira ukiangukia kwenye mavi ya ng'ombe unaruhusiwa kuusogeza bila adhabu, na sheria hiyo imeandikwa ukutani. Pale penye shimo hakuna zulia la kijani kama la kwenye televisheni. Kuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiubebe, na kando yake ubao wenye mpini mrefu. Kabla ya kusukuma mpira wa mwisho, mchezaji huuvuta ubao huo kutoka mpira wake mpaka shimoni, akifuta nyayo za watu na za mbuzi, apate njia nyoofu.

Kila mtu hujivutia mwenyewe. Mama hakuwahi. Tangu mkiwa wachumba, wewe ndiye uliyemvutia, ukitembea kinyumenyume na mgongo umeuinamisha, na ukifika shimoni unasema, "Haya Munyiva, barabara ni yako."

Na Koinet, rafiki yako. Mwanzoni alikuja kuchungulia tu na kuvicheka vijiti vyenu vya gofu, akiviita rungu za watu wasio na ng'ombe. Baadaye akanogewa mpaka akawashinda. Ni desturi ya wachezaji kwamba mpira ukisimama karibu sana na shimo, mwenzako husema "hiyo nakupa," nawe unauokota bila kuumaliza. Koinet aliwapa wengine wote. Wewe hakukupa hata mmoja. "Kwa boma yangu wewe ni daktari," alikuwa akisema. "Hapa wewe ni adui. Maliza." Na wewe hukuwahi kuomba.

Kisha Susu, mama yake Mama, akapooza upande mmoja, mkamleta kwetu, na gofu ikaishia hapo. Alihitaji mtu wa kumgeuza na kumlisha, na Mama hakutaka mikono mingine. Ungeweza kwenda peke yako Jumamosi, hakuna ambaye angekulaumu. Koinet alikupigia simu mara nyingi. Ukamjibu, "Nikija hapo, nitamvutia nani mchanga?" Miaka ikapita hivyo, Susu akiwa kwenye kiti chake kibarazani nawe ukimsomea magazeti ya juzi.

Susu alipopumzika, na matanga yakaisha, ulitangaza wakati wa chakula kwamba mnarudi. Ulibadilisha raba za vishikio vya vijiti. Uliitia mipira yako dawa ya zambarau ya vidonda vya mifugo, doa moja kila mpira, ili Koinet asije akadai ni yake. Siku mkapanga: Jumamosi. Mifuko yenu miwili ya vijiti ukaisimamisha mlangoni kabisa. Alhamisi ukaenda.

Mifuko ilibaki pale mlangoni mwaka mzima, Baba. Wageni waliokuja kutupa pole walijikwaa. Shangazi Wayua, dada yako unayemjua, alijikwaa zaidi ya wote.

"Munyiva, hizi vyuma zitaua mtu," alisema. "Si upeleke kwa mnada ya kanisa?"

"Ziko na mwenyewe," Mama akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tulidhani anakataa kwa sababu ya huzuni tu. Kumbe alikuwa anapigana. Baadaye alimwambia mwanao Mwelu kwamba kila asubuhi akipita pale alijiuliza swali lile lile. Akienda bila wewe, atakuwa amekiri kwamba huji. Asipoenda, atakuwa amekuacha ukimngoja kule peke yako, baada ya wewe kumngoja miaka yote hiyo. Alikutamani, Baba. Alitamani hata kukasirishwa na wewe.

Wiki moja kabla ya siku yako, tulikaa sebuleni kupanga maombi. Shangazi alikuwa ameshapata hema na kwaya.

"Maombi yafanywe Jumapili," Mama akasema. "Jumamosi nitakuwa Kajiado."

"Kajiado kufanya nini?"

"Kucheza."

Shangazi aliweka kikombe chini. "Mjane! Siku ya ukumbusho ya bwanako! Watu wataona ukifukuza mpira kwa jua waseme nini?"

"Wayua," Mama akasema bila kupandisha sauti, "kaka yako aliniachia mchezo katikati. Mimi sijui kulia vile nyinyi mnataka. Wacha nijaribu vile najua."

Shangazi akachukua simu, akaanza kuwahamishia kwaya Jumapili.

Basi Jumamosi Mwelu alimpeleka, na mifuko yote miwili ikapanda gari. Koinet alikuwa ameshafika, kofia mpya kichwani.

"Takwenya, mama."

"Iko," Mama akaiitikia salamu hiyo ya Kimaasai. "Koinet, nimesahau hata kushika."

"Hata sisi tulisahau kukuona. Twende."

Mpigo wake wa kwanza, Baba, vumbi lilikwenda mbali kuliko mpira. Wa pili vivyo hivyo. Mabega yalikuwa yamekaza, na viatu ulivyomng'arishia vilimbana kwa kukaa bure. Lakini akaendelea, na taratibu mikono ikaanza kukumbuka. Walipofika kwenye mchanga wa shimo la kwanza, alisimama na kijiti chake kifupi, akatazama mbele, akangoja.

Mwelu anasema hakuna aliyeelewa kwa muda. Kisha wakaelewa wote pamoja, na Mama mwenyewe akawa wa mwisho. Alikuwa anakungoja wewe uchukue ubao.

Koinet akasogea haraka kuuokota. "Wacha nikuvutie."

"Wacha, Koinet."

"Mama, hii mchanga iko na nyayo ya mbuzi mingi sana."

"Wacha tu. Hiyo kazi iko na mtu."

Akausukuma mpira juu ya nyayo, ukarukaruka kama mahindi kwenye sufuria, ukaenda kando. Ikawa hivyo la pili, na la tatu, na yote yaliyofuata. Hakushika ubao wala hakuruhusu mtu amshikie. Mwelu alitaka kumwambia arudi nyumbani. Koinet akatikisa kichwa, asimwambie.

Shimo la tisa unalijua. Upande wake wa kushoto, karibu na mgunga, ndipo mipira yako yote ilipoishia, na wachezaji wa hapo mpaka leo wakipiga vibaya wanasema wameenda kwa Mbithi. Mama alimaliza mpira wake juu ya nyayo kama kawaida. Koinet akamaliza wake. Mwelu akaanza kukusanya vijiti.

Hapo Mama akauendea ubao. Akauinua kwa mikono miwili, akaona ni mzito kuliko alivyodhani, akaenda nao kushoto mpaka mwisho wa mchanga, upande wa mgunga. Akainama. Akaanza kuvuta kinyumenyume, polepole, akirudia palipobaki nyayo, mpaka shimoni. Njia ikatoka nyoofu. Mpira wake ulikuwa umeshaingia zamani. Hii ilikuwa yako.

Akaenda kwenye mfuko wako, akatoa mpira wenye doa la zambarau, akauweka mwanzo wa ile njia.

"Haya, Mbithi," akasema. "Barabara ni yako."

Akausukuma. Ulikwenda vizuri, Baba, ukiifuata njia bila kutikisika, kisha ukachoka na kusimama mdomoni mwa shimo, karibu kabisa, kama kawaida yako. Koinet alivua kofia yake mpya. Aliutazama ule mpira kwa muda.

"Hiyo nakupa, daktari," akasema.

Akageuka kuangalia upande wa vilima. Mwelu naye hakuona vizuri kwa machozi. Ila Mama alikuwa anacheka, kicheko kile cha zamani ambacho hatujakisikia nyumbani mwaka mzima, huku machozi yakimshuka.

"Hangekubali," akamwambia Koinet. "Unajua hangekubali. Wacha amalize."

Akaugusa kidogo. Tukio lenyewe lilikuwa la kufumba na kufumbua, lakini Mwelu anasema ule mlio wa mpira ukigonga mkebe wa shimo anausikia mpaka sasa. Kisha Mama akauvuta mchanga wote upya, duara zima, kwa ajili ya watakaokuja nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na mtu. Jumamosi inayokuja atakwenda tena. Mfuko wake unabaki mlangoni. Wako ameuhamishia chumbani, upande wako wa kitanda.

Tunaokukumbuka: mkeo Munyiva, wanao Mwelu na Kimanzi, dada yako Wayua, ambaye Jumapili baada ya maombi aliuliza kwa sauti ya chini kama viatu vya kucheza vinapatikana hapa Kitengela, wajukuu, na Koinet, aliyeomba jina lake liwekwe pamoja na la jamaa.

Barabara ni yako, Baba. Jina lako halitatoka midomoni mwetu siku zote za maisha yetu.