Paa la Gari la Baba Mdogo

Ndugu yangu Ouma,

Hapa Ndhiwa mvua inanyesha kila alasiri. Nilipofika, nilimkuta fundi akipima mabati ili achomelee paa juu ya gari la wazi la marehemu Baba Mdogo! Bodi yake iliundwa kwa mkono ng'ambo, alumini juu ya fremu ya mbao, na magari ya aina hiyo ni machache mno duniani. Moto wa kuchomelea ungeiharibu kabisa.

Mama Mdogo hakutaka kusikia. "Nyathina, mwanangu, nyumba bila paa ni ya mtu aliyeshindwa. Na gari je? Watu wa pale sokoni Rodi wamenicheka vya kutosha."

Nilimketisha garini, nikaketi kando yake. Niliingiza mikono nyuma ya viti, nikavuta kwa nguvu, na paa la turubai likakunjuka juu yetu.

Mama Mdogo aliduwaa. "Kumbe lilikuwepo? Mzee wangu alinilowesha miaka yote ili Rodi nzima imwone akipita!"

Alicheka hadi akalia, kisha akamruhusu fundi aende. Kesho tunaliendesha gari hadi Homa Bay kula samaki. Ameamuru paa likunjwe. Anasema sasa ni zamu yake kuonekana.

Nakupenda. Ule vizuri, na umbusu Mama kwa niaba yangu.

Dada yako,
Achieng'