Siku Niliyoacha Joho Nyumbani

Mwalimu,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza mazungumzo bila kukuamkia nitaona kama umenikatisha hapo hapo na kunirudisha mlangoni.

Tangu tukuzike, mpunga umeshavunwa. Wa kwako wamekuvunia akina mama wa jumuiya, wakaubeba hadi uani, wakamwachia Mama, mjane wako, magunia yamefungwa vizuri. Mama ni mzima. Anakula kidogo, anaamka mapema mno, na mimi nikipita ananipokea kwa heshima zote. Hilo ndilo linaloniua. Ananipa kiti, ananiuliza hali ya watoto, ananiita Mchungaji, na hajaniuliza hata siku moja kwa nini nilifanya vile. Angenitukana ningepata nafuu.

Kanisani tumenunua spika mpya. Vijana wakizifungulia, mabati yanatetemeka, na mzee Benedikto, katibu wetu wa baraza, anatoka nje na kofia yake mkononi. Ungecheka wewe. Nakumbuka ile siku kijijini Kisawasawa, nilipokuwa nimetoka tu kuanza uinjilisti chini yako, nikahubiri kwa kupayuka hadi jasho likaingia machoni. Tukiwa kwenye baiskeli tunarudi ukaniambia, "Mwanangu, unahubiri kama mtu anayefukuza ndege kwenye mpunga. Sasa watu wakiruka utamlaumu nani?" Nilinuna njia nzima. Kumbe ndiyo somo pekee la kuhubiri nililolishika.

Nazunguka tu, unaniona. Naandika kwa sababu ya jina lako.

Kaka yako wa kijiji cha Mbingu alipozidiwa na ugonjwa, ukoo ukaitana kwenye makaburi ya babu zenu kufanya tambiko. Ukaenda. Ukakaa nao, na kibuyu cha pombe kilipokufikia ukanywa. Kuna muumini wetu alikuwepo jirani, na kabla ya Jumapili habari ilishaenea hapa kwetu Katindiuka yote. Tulipokuita kwenye baraza la wazee, Benedikto alikutafutia kabisa mlango wa kutokea. Alisema labda ulikipokea kibuyu ukakipitisha tu. Ukamjibu, "Nilikunywa. Kaka yangu anakufa, ananiomba nikae naye. Ningekaaje nusu?" Tukakutenga, na aliyesoma jina lako mbele ya usharika ni mimi, kwa sauti ile ile uliyonifundisha kuituliza.

Kanuni unaijua, uliifundisha kwa miaka kwenye darasa la kipaimara. Aliyetengwa hafiki meza ya Bwana mpaka siku atakayosimama mbele ya watu, akiri kosa, apokewe kundini. Akifa kabla ya hapo, kengele haigongwi, jeneza haliingii kanisani, mchungaji havai joho. Sidhani kama ulipokuwa unaifundisha uliwahi kujifikiria wewe. Mimi sikuwahi.

Miezi mitano hukukosa ibada hata moja. Halafu Alhamisi moja ya masika ukaja kwangu, suruali umeikunja mpaka magotini kwa maji ya njiani, ukasema uko tayari kusimama Jumapili inayofuata. Nikakuambia usubiri. Walikuwepo wengine wanne wa kurudi kundini karibu na Pasaka, nikaona msimame pamoja, wasije wakasema nampendelea mwalimu wangu. Wiki tatu tu, nilisema. Ukaniangalia, ukajibu, "Sawa, Mchungaji." Miaka yote hiyo ulikuwa hujawahi kuniita Mchungaji tukiwa wawili.

Siku ya nane homa ikakushika. Ya kumi na moja ukafa.

Nilimpigia simu mkuu wa jimbo kuuliza kama naweza kukuzika kikanisa. Nataka nikuambie ukweli wote: niliuliza kama mtu anayetaka kukatazwa. Akanikatalia, nami nikashusha pumzi. Nikaenda kwa Mama kumweleza kanuni, nikaeleza kirefu, na aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi njoo kama mtoto." Joho likabaki nyumbani kwenye msumari wake.

Gari halikuweza kufika shambani kwako, maji yalishafunika njia. Aliyekuleta kaburini ni Shija, yule mfugaji Msukuma ambaye ng'ombe wake walikula jaruba lako mwaka ule, watu wakataka kumpiga, wewe ukaketi naye chini mkayamaliza. Alifunga maksai wake kwenye mkokoteni, akakuleta taratibu, yeye mwenyewe akitembea kwenye maji mbele yao. Shija hana kanisa wala msikiti. Tulipokushusha kaburini, watu wakaniangalia, na mimi nikaangalia koleo nililoshika. Ndipo akauliza, kwa upole tu, maana alikuwa hajui, "Huyu mzee alikuwa anatuombea wote. Yeye leo hana wa kumwombea?"

Mwalimu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako na maneno yote ya maziko nayajua kwa kichwa, na nilinyamaza. Mama ndiye aliyeanza Baba Yetu. Sauti ilimkatika katikati, wanawake wakamalizia. Mimi nilichezesha midomo.

Tangu siku hiyo nahubiri, ila najisikia mwongo. Natazama daftari letu la nidhamu na kuona tulichokuwa tunakiandika: pombe, tambiko, binti aliyepata mimba. Sijaona hata ukurasa mmoja ulioandikwa mtu aliyeuza shamba moja kwa watu wawili, na hapa tunawajua, wanakaa mbele na suti zao. Sijaona aliyefungulia ng'ombe kusudi kwenye mpunga wa mjane, wala aliyewachochea wakulima wakamkate mfugaji mapanga. Dhambi zetu tumezichagua zile ambazo maskini hawezi kuzificha. Na siku hizi anakuja mtu kutoka mjini na chupa za mafuta, anajiita nabii, watu wetu wanamkimbilia, sisi tunashangaa kwa nini. Labda yeye akimwona mgonjwa anamgusa. Sijui. Wewe ungenijibu vizuri zaidi.

Wiki iliyopita nililipeleka jambo hili barazani. Niliomba kengele igongwe, turudi kaburini kwako tusome maneno ya maziko na kukiri kukosa kwetu. Wakagawanyika. Benedikto alilia, mtu mzima yule. Mwingine akasema tukikufanyia wewe, kila mtu atakunywa akijua atasamehewa akishakufa. Hatukukubaliana kitu.

Kwa hiyo nimeamua peke yangu. Jumapili hii, baada ya mahubiri, nitavua joho mbele yao, nishuke, nisimame pale wanaposimama wanaorudi kundini. Nitasema kwamba mtu alikuja kwangu akiomba kupokewa, nikamwambia asubiri kwa sababu niliogopa maneno ya watu, na alipokufa nikaogopa tena. Mkuu wa jimbo amenionya. Nikifanya hivyo, amesema, nisitegemee kulivaa tena. Mke wangu ameshaanza kuuliza tutahamia wapi, maana nyumba ni ya kanisa.

Jana nilikwenda kumweleza Mama, asije akayasikia kwa watu. Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, akaweka ungo chini, akasema atasimama na mimi. Nikamwambia hana kosa la kukiri. Akanitazama kama nilivyotazamwa na wewe ile Alhamisi.

"Pombe ile ya tambiko niliipika mimi," akasema. "Hapa uani. Shemeji aliniomba. Mwalimu alisema mkijua mtanitenga mimi, na mimi sitaweza kukaa bila meza ya Bwana. Akasema yeye ataweza, na akikiri kunywa hamtauliza aliyepika ni nani."

Nililia pale kwenye mkeka wake, Mwalimu, nikalia bila aibu. Miezi mitano umekaa kimya. Ulipita kwangu na maji magotini, ukaambiwa subiri, ukasema sawa, na hilo ukalibeba mpaka chini.

Sasa na mimi nakuahidi. Mama akisimama Jumapili, nitasimama kando yake na kumshika mkono, na kama ni kosa lolote nitaanza kusema la kwangu hadi muda uishe, yeye asipate nafasi ya kusema la kwake. Wakiniuliza aliyepika ni nani, nitasema sijui, na uongo huo nitaujibia kwa Mungu mimi mwenyewe. Jina lako nililisoma. La kwake sitalisoma.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nisamehe.