Chumba cha Ghorofani

Dada yangu mpendwa,

Basi, kama nilivyokuwa nikikueleza kabla simu haijazima, shemeji yako bado ananipenda, tena kupita kiasi. Lakini ngoja nikusalimu kwanza nisije nikaonekana sikufunzwa adabu. Shikamoo dada. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa mama umepata nafuu? Sisi tupo, ingawa si wazima sana, nitakueleza.

Ungetuona kazini ungetuonea wivu. Shemeji yako anakata ngozi, anapaka gundi na kubandika soli. Mimi nashona na kuwapelekea wateja viatu vyao. Juzi mteja mmoja aliuliza kama hii ni karakana au fungate, na shemeji yako akamjibu kwamba ingekuwa fungate angemtoza kiingilio. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Miezi mitano ya ndoa, dada, na nikisikia hatua zake bado moyo unaniruka.

Lakini anakohoa. Mwanzoni tulisingizia vumbi. Kikaja kichwa, kikaja kizunguzungu, na wiki iliyopita alianguka juu ya meza akiwa na kisu mkononi. Daktari aliuliza tunafanyia kazi wapi. Nilipomwambia ni chumba cha nyuma, hakina dirisha, na mlango tunaufunga kwa kuogopa wezi, aliweka kalamu chini. Akasema mvuke wa gundi umemharibu kifua, na akiendelea kukaa mle hatapona.

Tulirudi kwa miguu, yeye akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Akaniambia nisijilaumu, kwa kuwa tulichukua chumba kilichokuwepo.

Dada, kulikuwa na kingine. Kipo ghorofani, kina madirisha mawili, na kodi ni ileile. Siku ile yeye alikuwa ameshikwa na kazi, akaniamini nikachague peke yangu. Nilifungua dirisha, nikaona ng'ambo ya barabara yule msusi aliyekuwa mchumba wake, amekaa nje ya saluni yake anasuka na kucheka. Nikalifunga. Nikamwambia mume wangu cha ghorofani kimeshachukuliwa. Nilitaka mchana kutwa aone uso wangu tu.

Jana nilimuuliza mwenye nyumba. Bado ni kitupu, hakijawahi kupata mtu. Tukitaka kuhamia, mume wangu atajua nilimdanganya, tusipohamia, nitamzika. Kwa hiyo nitamwambia leo, akishakunywa dawa, kabla hajaanza tena kunishukuru kwa kumuuguza.

Daktari anataka apumzike mbali na gundi. Nisalimie mama na watoto, na mama usimwambie lolote. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja hapo kwako. Akinisamehe tutakuja wawili, asiponisamehe utaniona peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba