Nywele Ulizonifungia kwa Fundo la Wavu

Élisabethville, mtaa wa Kenya

Mpendwa Mama mkwe,

Zamani nilipokuandikia, barua zangu zilipitia kwanza mikononi mwa katekista wa Pweto, kwa kuwa wewe hukujua kusoma. Alikuwa mtu mwema, lakini alisoma kwa sauti ya mahubiri, na majirani zako wote walikuja kusikiliza. Ndiyo maana miaka yote ile nilikuandikia juu ya mvua, juu ya meno ya mtoto, juu ya kuku wa jirani anayetaga uani kwetu, na sikuthubutu hata mara moja kuandika juu ya kichwa changu. Leo katekista hana kazi. Naweza kusema yote.

Tumerudi Alhamisi kutoka kwenye matanga yako. Gérard wako amekwisha kufungua kazi yake ya kinyozi. Namsikia hapo nje chini ya mabati yake, mkasi unalia na yeye anabishana na mteja juu ya mpira. Mimi nimekaa mlangoni, pale ulipopenda kukaa wewe kwa sababu ya mwanga.

Siku ya ndoa yetu uliniona na nywele nyingi, Mama. Ulizishika ukauliza napaka mafuta gani, na mimi nikaona haya nikasema ni maji tu. Mwaka wa pili nikashikwa na homa ya matumbo, nikalala hospitalini wiki nne. Homa iliondoka, ila haikuondoka mikono mitupu. Asubuhi nilikuta nywele kwenye mto, mchana kwenye kitana, na nilipofika nyumbani kichwa kilikuwa na viraka kama shamba lililoliwa na mbuzi. Mtawa aliyeniuguza alinipa moyo kwamba zitarudi pamoja na mvua. Mvua zikaja peke yake. Siku moja nikamwambia Gérard anyoe zilizobaki. Yeye aliyekuwa ananyoa mapolisi na wapishi huku akipiga mluzi, siku hiyo alisimamisha mashine mara tatu akajifanya anaipaka mafuta.

Nikafunga kitambaa, nikadhani mambo yameisha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitambaa hushikwa na nywele. Kwenye kichwa kitupu kinateleza kama sahani kwenye sabuni. Pale kwenye robine, bomba la maji la mtaa, katikati ya wanawake waliopanga ndoo zao, niliinua ndoo yangu kujitwika, na kitambaa kikashuka taratibu mpaka kwenye matope. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unasema juu ya kinyozi wangu: "Coiffeur alikosa bantu ya kunyoa, sasa ananyoa bibi yake!"

Unajua kwamba hapa kwetu Jumamosi mchana wanawake hukusanyika uani kwa Mama Stéphanie, fundi wa kusuka, na kila mmoja hufunua kichwa. Mimi nikaanza kutuma salamu kwamba naumwa jino. Mwaka ule niliumwa jino kila Jumamosi.

Stéphanie mwenyewe alinionea huruma, akaja kwangu kwa siri na uzi mweusi na sufu ya kufuma, anisuke nywele za kuongeza. Alitafuta na vidole vyake kichwa chote, akapata vishungi vitatu vilivyokuwa vimeanza kuota shingoni. "Odette, hapa hakuna pa kushikia," akasema. "Nitasuka juu ya nini? Juu ya ngozi?" Hata hivyo alijaribu. Kesho yake sufu ilianguka, na vishungi vikaenda nayo.

Kisha Gérard akaleta peruki, wigi kabisa, aliyopewa na mpishi mmoja. Bibi wa kizungu, mwajiri wa yule mpishi, aliivaa zamani katika michezo ya kuigiza, akachoka nayo. Nywele zake zilikuwa ndefu, zimenyooka, za rangi ya ndevu za mahindi. Nikaivaa, nikageuka. Gérard alibana midomo, akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Bibi, usikasirike," akasema, "lakini uko unafanana na mahindi ya kuchoma." Nikajitazama kwenye kioo chake cha kazi, nikacheka hadi nikakaa chini. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu hospitali. Lakini kutoka nayo nje? Tukaitundika kwenye msumari, nikarudia kitambaa changu na pini sita.

Hapo ndipo ulipofika wewe.

Hukutuma habari. Ilikuwa Jumanne saa sita, nilikuwa uani nafua. Kitambaa changu kilikuwa kwenye kamba, kichwa changu kwenye jua. Nikasikia mtu anakohoa, nikageuka, nikakuona umesimama na kikapu cha samaki wakavu, vumbi la barabara limekupaka mpaka kwenye kope. Mkwe asifunue kichwa mbele ya mama mkwe, hilo nililijua kabla sijajua kupika. Basi nikafanya jambo la kwanza lililonijia: nikachukua beseni nikajifunika. Lilikuwa na maji. Maji ya sabuni yakanishuka mpaka kiunoni, na mimi nikabaki nimesimama hivyo hivyo chini ya beseni, nakusalimu: "Jambo, Mama."

"Odette," ulisema, "toa ile beseni."

"Mama, hapana."

"Toa. Miye minatoka Pweto na lori siku tatu, sitasemezana na beseni."

Nikalitoa. Ukatua kikapu, ukashika kichwa changu kwa mikono miwili, ukakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua boga sokoni. Nilifumba macho. Nilikuwa nangoja neno la kunirudisha kwa baba yangu.

"Kichwa iko muzuri," ulisema. "Haina hata kovu. Sasa nipe maji ya kunywa."

Baada ya kunywa hukuzunguka. Uliniambia kwamba wifi yangu Eugénie amesikia maneno ya mjini, anasema mwanamke wa kipara hazai, na kaka yake atafute mwingine mapema. "Nilikuya kuona na macho yangu," ulisema. Mimi sikuthubutu kuuliza macho yako yameona nini.

Macho yako yalikuwa yameenda kwenye msumari. Ulishusha ile peruki, ukaigeuza ndani nje, ukaisogeza mlangoni penye mwanga. Ukaivuta, ukaipima kwa kidole. Kisha ukaanza kucheka peke yako.

"Ee! Hii ni wavu! Bazungu banatega nywele na wavu. Fundo hii mi najua tangu niko mutoto."

Mimi mtoto wa mfanyakazi wa reli nilikuwa sijui lolote juu ya wavu zaidi ya kula samaki wake. Wewe ulikuwa umefunga na kushona nyavu za mume wako mvuvi tangu siku ulipoingia nyumbani kwake. Ukamtuma Gérard atafute uzi mwembamba wa cherehani na sindano ndogo ya wavu. Akaichonga kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Ukapima kichwa changu kwa kamba: paji, kisogo, sikio mpaka sikio. Siku ya nne kofia ya wavu ilikuwa tayari, nyepesi kama utando, na matundu yake madogo hata mbu angeomba njia.

Kazi ikabaki kwenye nywele zenyewe. Gérard, maskini, akaleta kwa fahari mfuko wa nywele alizofagia chini ya kiti chake. Ukachukua chembe chache kwenye kiganja, ukampulizia usoni. "Hizi ni za kupanda kama mbegu?" Tukajaribu sufu, ilikuwa nzito, na ilinuka kondoo mara ilipolowa. Tukajaribu mkia wa farasi, tulioletewa na mtunza farasi mmoja, mteja wa Gérard. Ulikuwa mgumu, uliniwasha, nikakuna kichwa usiku na mchana. Mkatazamana wewe na mwanao, mmeishiwa.

Ni mimi niliyesema, na hadi leo najivunia: "Mama, kama nywele zikisukwa mbichi zikakauka, zinabaki na mawimbi. Hizi za mahindi, tukizifunga kwenye vijiti tukazichemsha?"

Ukanisukumia sufuria. "Alors, unangoja nini? Washa moto."

Tukafumua peruki ya yule bibi. Tukazungusha nywele zake, kishungi kwa kishungi, kwenye vijiti vya fagio, tukazichemsha pamoja na rangi nyeusi ile wanawake wanayotilia nguo za msiba, tukazianika juu ya mabati siku mbili. Zilipokauka tukachomoa vijiti, na nywele zikabaki zimejikunja, nyeusi, kama zangu za zamani. Maharagwe tuliyopika kesho yake katika sufuria ile yalitoka yamevaa matanga. Gérard aliyala bila kuuliza.

Kisha ukafunga. Wiki tatu, Mama, nywele mbili mbili, tatu tatu, fundo kwa fundo, umenyoosha miguu mlangoni hapa, na mimi nakupa kishungi baada ya kishungi. Nilipokuuliza kama hazitang'oka, ulisema, "Samaki inavuta na nguvu yote, na haitoke. Nywele itavuta na nini?"

Mliugombania ukingo wa mbele, wewe na Gérard. Yeye alitaka mstari ulionyooka kama anavyowapa makarani. Wewe ulizipanda chache chache, nyingine mbele, nyingine nyuma. "Nywele ya Mungu haina rula," ulimwambia. Halafu ukamwachia apunguze na mkasi, na alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, akasahau kwamba mama yake yupo, akaniita jina ambalo huniita tukiwa peke yetu. Ukajifanya unatafuta uzi.

Sikujiona vizuri kwenye kioo kwa sababu ya machozi, lakini hukunipa nafasi ya kulia. Uliniambia nitwange. Nikatwanga. Uliniambia niiname, niruke, nipige chafya. Jirani alichungulia juu ya ua akaona nachezacheza mbele ya mama mkwe wangu kama mwenda wazimu. Haikusogea.

Jumamosi ukanichukua kwa Mama Stéphanie, kichwa wazi. Wanawake wakaacha kusuka. Stéphanie alikuja polepole, akapitisha vidole mbele na nyuma, anatafuta mshono.

"Nani alikusuka?"

Nilitaka kudanganya, nilikuwa nimeshaandaa na jina la mtu wa Jadotville. Wewe ukajibu kabla yangu: "Hakusukwa. Ni wavu, miye niliifunga. Mushike! Muvute!"

Wakavuta, na mimi natamani ardhi ipasuke. Haikutoka. Ndipo nikafikiri kwamba nikiondoka hapa bila kuonyesha, nitaumwa jino hadi kufa. Nikaivua mwenyewe, nikaiweka magotini. Jua likanipiga utosini. Hakuna aliyecheka. Mke mmoja wa dereva wa treni, mtu mzima, alikuwa amekaa pembeni. Akafungua kitambaa chake bila haraka. Nywele za mbele zilikuwa zimekimbia mpaka katikati ya kichwa, kwa kusukwa kwa kukazwa tangu utoto.

"Mama, na miye hapa?" akakuuliza.

Ukamkagua vilevile, kama boga. "Weye uko na pa kushikia, nyuma na pembeni. Wavu ya nini? Stéphanie atakuongezea uzi, lakini asikaze. Mbele uachie ipumuzike."

Stéphanie alinuna kidogo kwa lile la kukaza. Lakini mchana ule mlikaa pamoja hadi chakula kikaungua nyumbani kwake, yeye anakuonyesha namna ya kusokota uzi, wewe unamfundisha fundo. Ulikuwa umekuja kwa siku chache. Ukakaa mpaka kiangazi kikaisha.

Siku ya kukupeleka kwenye lori nilikuuliza swali nililolibeba muda wote: utamwambia nini Eugénie?

"Nitamuambia nimeona," ulisema, ukapanda juu ya magunia.

Nywele zangu hazikurudi, Mama. Bernadette alikuja, mwaka uliofuata, amefanana na wewe kwa kidevu. Hapa nyumbani naivua peruki nikipika kwa sababu ya joto, kwa hiyo mtoto ananijua kwa kichwa kitupu. Ndicho anachokitafuta akiamka. Nimekwisha kuwafungia wanawake wanne mtaani, na ya kwako naifuma upya kila inapolegea.

Sasa nikuambie yale usiyoyaona. Siku ya kumaliza matanga yako, wanawake wote wa ukoo tulipangwa kwenye mikeka, tunyolewe kama desturi inavyotaka. Shangazi mzee alikuwa na wembe. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, karibu na Eugénie. Katika miaka yote hiyo tulikuwa tumesalimiana tu. Zamu yangu ilipofika nikavua peruki. Shangazi alisimama na wembe hewani, akanitazama, akawatazama wengine.

"Huyu nani alinitangulia kumunyoa?"

Eugénie ndiye aliyeanza. Alijaribu kuficha kinywa kwa kanga, mabega yakamsaliti, akacheka, na mkeka mzima ukacheka, wanawake wenye macho yaliyovimba kwa kukulilia. Shangazi alipitisha wembe juu ya ngozi mara moja, ili sheria itimie, akanipiga kofi dogo utosini: "Endelea."

Tukabaki tumekaa juani, vichwa kumi na kitu vinang'aa, hakuna wa kumtofautisha na mwenzake. Bernadette aliamka chumbani akatoka ananitafuta, bado ana usingizi. Alisimama mbele yetu. Akatazama kichwa hiki, akatazama kile. Mwishowe akaenda moja kwa moja kwa Eugénie, akapanda mapajani mwake, akatia kidole gumba mdomoni, akasinzia.

Nilifungua kinywa nimwite. Lakini mkono wa Eugénie ulikuwa umekwisha kumshika mgongoni, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kupumua ili asimwamshe. Nikamwacha mtoto alale palepale.

Lala na wewe, Mama. Kwetu kuna amani.

Mkweo, mke wa Gérard