Viti na Zulia la Boti ya Mkaguzi

Jumatatu, 4 Machi

Tumepata kazi. Kazi ya maana, baada ya wiki tatu za kurudishia watu vifungo vya makochi.

Mteja ni mzee mstaafu, zamani alikuwa mkaguzi wa mahesabu. Hakuwa hata amekaa tukawa tumeshambatiza: Mkaguzi. Amenunua boti kuukuu, ipo nchi kavu kwenye yadi ya mafundi wa injini. Anataka iwe na sura ndani, yeye na mkewe wawe wanapumzikia humo. Injini nzima, bodi nzima. Ndani sasa! Viti viwili virefu, kila upande kimoja, kitanda cha pembe tatu kule mbele, na zulia lililobandikwa kuanzia sakafuni mpaka nusu ya ukuta. Vyote vimevunda. Ukichungulia tu unanusa mbwa aliyelowa.

Mama alipima mwenyewe. Mimi nilishika ncha ya tepu na kuandika. Nilipotaka kusoma namba akasema, "Nasoma mimi, wewe andika." Haya. Miaka thelathini na nne ya ufundi, mji mzima unamwita Mama Sofa, mimi nani nibishane. Ila kabla ya kusoma alikuwa anageuza kichwa upande, kama kuku anayekagua punje. Nikadhani ni giza la mle ndani.

Jumanne, 5 Machi

Makadirio nimeyaandika kwa mwandiko wangu wa shule. Kitambaa kisichopitisha maji, mita ishirini na mbili. Sponji ngumu, duka linakata kwa vipimo vyetu, nimevinakili humohumo. Zulia mita tisa. Gundi makopo manne. Zipu, uzi, plaiwudi ya akiba. Ufundi. Jumla milioni moja na laki nane.

Mkaguzi alisoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi, kama anatafuta mwizi. Akasimama kwenye gundi. Mbona kopo moja linalingana bei na mita nzima ya zulia? Mama akamwambia gundi ya bei poa ikinusa maji inasahau kazi yake. Akacheka, akasaini, akatoa nusu. Nakala moja akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati.

Alipotoka Mkaguzi, Mama akanigeukia. Kazi hii ikiisha nikalipie kile chumba cha kufungulia karakana yangu. Kile cha jirani na duka la dawa, chenye dirisha kubwa — mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na akiba yangu imebaki kidogo tu kufika. Miaka miwili Mama ananifukuza niende. "Fundi hakui kwenye kivuli cha fundi," anasema. Namwambia nitaenda. Safari hii naamini nitaenda kweli.

Alhamisi, 7 Machi

Siku nzima kubandua. Zulia linatoka vipande vipande na gundi yake ya zamani, kucha zangu hazitamaniki. Chini, plaiwudi imeoza sehemu mbili. Mama alizijua kwa kiganja kabla mimi sijaziona.

Halafu akapiga teke kopo la gundi. Kopo lilikuwa mbele yake, wazi, jekundu. Akanigombeza kwa nini nimelihamisha.

Sikulihamisha.

Jumamosi, 9 Machi

Sponji imeletwa. Mama alikuwa amejilaza baada ya chakula, nikaikokota moja mpaka yadini kujaribisha. Nimeiweka juu ya kiti. Fupi. Si fupi ya kusukuma-sukuma. Fupi kama suruali ya mtoto aliyekua!

Nikachukua tepu. Sentimita mia moja themanini na sita. Nikafungua daftari. Mia moja thelathini na sita — mwandiko wangu mwenyewe, umenyooka, umependeza. Upande wa pili hivyohivyo. Nane ameisoma tatu. Sponji nne za viti na migongo zote hazifai, na kitambaa kinapungua mita nne.

Nilikaa kwenye ubao mtupu wa kiti. Nikahesabu. Chai, Mama anaweka sukari kwa kuchovya kidole. Jirani akipita, yeye anangoja asalimiwe kwanza, ndipo anataja jina. Mimi mwenyewe natunga uzi kwenye sindano zake tangu mwaka jana, anasema macho yamechoka. Yote niliyaona. Nilikuwa naona nini sasa?

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia kaka. Kwake ni safari ya siku nzima, kuja ni kwa msiba au harusi tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema karakana ifungwe, Mama aende kwake, kuna chumba. Na Mkaguzi aambiwe kipimo kilikosewa, aongeze hela, ni mtu mzima ataelewa.

Nikamwambia, "Kaka, Mama hajawahi kumrudia mteja kuomba nyongeza. Hata siku moja."

"Basi leo iwe ya kwanza."

Kusema ni rahisi. Yeye hakushika ile tepu.

Jumanne, 12 Machi

Nimenunua. Sponji nne na mita nne za kitambaa — bahati, jora lilikuwa bado lipo. Kutoka kwenye akiba ya chumba. Kwa mwenye nyumba nikapita nikamwambia asinisubiri. Akasema pole, kuna kinyozi alikuwa anakitaka.

Mama nimemdanganya: duka lilikata vibaya, nimewarudishia, wamebadilisha.

Aliweka mkono juu ya sponji mpya. "Duka lile halijawahi kukosea," akasema. Akaendelea kuchora na chaki. Mstari wake ulikuwa unapanda.

Alhamisi, 14 Machi

Anashona. Hataki niiguse cherehani. Ule mkanda wa pembeni mwa mto, ambao zamani alikuwa akiupitisha huku anapiga soga na wateja, leo unayumba kama mlevi. Mahali pengine sindano imepita nje ya kitambaa kabisa, imeshona hewa.

Alipojilaza mchana nikafumua. Nikashona upya. Nikakunja nilivyokuta.

Nilijiona mwizi. Mwizi anayeleta.

Ijumaa, 15 Machi

Tena. Mito miwili.

Jumamosi, 16 Machi

Tena. Mteja wa kiti cha ofisi akamsifu Mama mbele yangu: mikono haizeeki. Mama akasema asante. Mimi nikatoka kwenda kununua uzi ambao hatukuuhitaji.

Jumanne, 19 Machi

Amejua.

Nimerudi na chai nikamkuta amekaa sakafuni, mto mkubwa umelala magotini, kidole gumba kinatembea kwenye mshono kwenda na kurudi.

"Huu si wangu."

Nikaweka chai sakafuni.

"Wangu unavuta kushoto kidogo, tangu nivunjike kidole hiki. Huu umenyooka. Ni wako." Akaupapasa tena. "Mzuri."

Akauliza ni mito mingapi. Nikasema yote. Akauliza nafumua saa ngapi. Nikasema akilala. Akatikisa kichwa polepole.

"Mimi nilikuwa nakufumulia wewe mbele yako. Ukilia, nafumua. Ukinuna, nafumua. Sikukuvizia ukilala."

Kofi lingeniuma kidogo kuliko hayo.

Kisha akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kama anamwambia mtu baki. Ilianza mwaka jana. Katikati ya kila kitu pameingia doa. Pembeni anaona: mlango, miguu ya watu, ukuta. Ila anachokitazama ndicho kinachopotea. "Nikikutazama naona masikio yako," alisema. "Uso siuoni. Tangu miezi ya mvua sijauona uso wako."

Nikakaa chini naye. Chai ikapoa. Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikauweka kwenye bega lake.

Baadaye akauliza, "Kuna kingine unanificha?"

Nikasema hakuna.

Alhamisi, 21 Machi

Kwa daktari wa macho. Kijana mpole, vidole vya baridi. Amesema jicho la kulia halina tena cha kuokoa. La kushoto kuna sindano, zinapigwa kila mwezi, hazirudishi kilichoondoka, zinazuia tu kisiendelee kuondoka. Akataja bei ya sindano moja. Ni sponji nne na mita nne za kitambaa, na chenji.

Akamwambia Mama, ungewahi kidogo. Mama akasema, "Nilikuwa na kazi." Si kwa ukali. Kama mtu anayetaja umri wake.

Njiani alinishika kiwiko. Hajawahi. Kwenye ngazi nikamwambia ngazi, akasema anajua kama ni ngazi, hajafa.

Jumamosi, 23 Machi

Zulia. Leo nataka niandike vizuri maana ilikuwa siku nzuri.

Mama alipiga magoti mle ndani ya boti kuanzia asubuhi. Mimi nakata, yeye anabandika. Kona zile za mbele, pale ukuta unapopinda na kukutana na kitanda, mimi nilishaharibu vipande viwili. Akaniambia nisogee. Akafumba macho kabisa — "Yananichanganya tu haya" — akapapasa kona mara tatu, akaomba mkasi, akakata bila alama. Likaingia kama soksi. Hakuna mkunjo. Hakuna mwanya wa kupitisha hata ukucha.

Fundi mmoja wa injini alichungulia akasema huyu mama analala kwenye hii boti nini. Tukacheka wote. Mama alicheka mpaka akakohoa, gundi puani.

Nilitamani Mkaguzi asije kabisa. Tubaki na kona.

Jumatatu, 25 Machi

Makabidhiano, saa nne asubuhi.

Mkaguzi alikuja na mkewe, mama mmoja mnene mtaratibu, akaketi kwenye kiti cha upande wa kulia akasema, "Hapa sitoki." Akapiga-piga mto. Akamsifu Mama kwa zulia. Kila kitu kikaenda vizuri.

Kisha Mkaguzi akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Na tepu yake mwenyewe.

Sikuwaza hilo. Mtu aliyekagua maisha yake yote, nilidhani ataacha kukagua kwa sababu ya kitambaa kizuri? Alipima zulia, akaweka alama. Kitanda, alama. Kiti. Akapima tena. Akavaa miwani.

"Hapa karatasi inasema mia thelathini na sita. Kiti ni mia themanini na sita."

Nikaanza kusema niliandika vibaya. Ni mwandiko wangu, si ndiyo? Lakini Mama alikuwa ameshanyanyua mkono.

"Hakukosea yeye. Nilisoma mimi. Sioni."

Alisema hivyo tu, amesimama wima, katika boti ya watu. Mke wa Mkaguzi akaacha kupiga-piga mto.

Mkaguzi akavua miwani. Halafu — yule mzee hana ubaya, ni mazoea tu ya kazi — akasema taratibu, kama anayewaza kwa sauti: kama makadirio yalikuwa ya mia thelathini na sita, basi sponji ya kwanza haikutosha. Ilinunuliwa nyingine. Na kitambaa kingine. Ila bei kwake haikupanda. Nani amelipa?

"Duka lilikosea, wakabadilisha," Mama akasema.

"Mama, duka lilikata kama mlivyowaandikia," Mkaguzi akasema.

Mama akanigeukia. Aligeuka nusu tu, upande, anipate kwa pembeni. Nilijua ananiona. Akauliza, "Ya chumba?"

Nikasema ndiyo.

Mkaguzi alitaka kuongeza, akatoa hela palepale. Mama akakataa. Bei aliitaja yeye akiwa na akili zake timamu, alisema, na bei ni ileile. Akapokea nusu iliyobaki, akanikabidhi mimi bila kuhesabu. Mkewe Mkaguzi alimshika mikono yote miwili wakati wa kushuka. Mkaguzi akabaki amesimama na karatasi yake, hajui aikunje au aichane.

Kutoka yadini mpaka nyumbani Mama alitangulia mbele. Kiwiko changu hakukishika. Alitembea akipapasa ukuta.

Sasa ni alasiri. Nimekaa kwenye ngazi ya nje, daftari magotini, kwa sababu ndani anaongea na simu na mlango haujafungwa vizuri. Ni kaka. Namba zake Mama anazijua kwa kidole.

Anamwambia aje Jumamosi. Aje na gari, mizigo si mingi, nguo na godoro tu. Cherehani zote mbili zinabaki, na mkasi mkubwa unabaki. Sindano za macho hataki, hela hizo zina mwenyewe. Kaka anasema kitu kirefu. Mama anasema, "Najua karakana anaiweza. Ndiyo maana naondoka." Halafu anasema usimwambie mdogo wako, nitamwambia mimi.

Amekata simu.

Sijui niingie au nishuke niende dukani nirudi nikipiga mluzi kama mtu asiyejua lolote. Kusema sitaki aende, atasema nimeshalipa vya kutosha. Kukaa kimya, Jumamosi itafika.

Ananiita. Siitiki, naandika tu. Ameburuta stuli, anakuja mlangoni, nasikia kiganja chake ukutani.

"Najua uko hapo," anasema. "Kalamu yako ina kelele."

Amesimama nyuma yangu. Bado sijageuka.