Hedifoni za Kuziba na Mwito wa Bibi

Mbamba Bay,
Nyasa.
11 Agosti 2024

Mpendwa dada Aurelia,

Shikamoo. Habari za Dar es Salaam, na shemeji Kilian hajambo? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi ni mzima, na Bibi Ottilia ni mzima pia, ingawa uzima wake nitakueleza mbele. Nimejaribu kukuandikia kwenye simu, naandika nafuta, mpaka nikaona bora barua isafiri na dagaa wako ninaokutumia. Ikishashonewa ndani ya kiroba siwezi kuifuta.

Ni zile hedifoni. Ulisema Jumamosi unakwenda Kariakoo, nami nikakujibu chagua zozote nzuri. Usifuate jibu hilo. Nikicheza mpira wa kwenye kompyuta na vijana wa Mbinga, au nikisikiliza nyimbo, nakaa tangu mchana hadi chakula cha jioni, na hedifoni mbaya ni adhabu. Zisibane, maana zitanikandamizia miwani. Zifunike sikio lote, zisiwe nzito. Mito yake iwe ya kitambaa, si ngozi bandia. Kwa joto la huku ziwani, ngozi ile huchemsha masikio kama viazi. Zivae mwenyewe, uzunguke nazo dukani, muuzaji anune akitaka.

Na ziwe zimezibwa nyuma, sauti isitoke wala ya nje isiingie. Hapo ndipo roho haitulii. Mashine ya kusaga ya jirani yetu Cleopa inaunguruma nyuma ya ukuta wangu, na Bibi naye hataki kelele za mpira akiwa kwenye rozari. Za kuziba zinatutenganisha vizuri sote. Zinatutenganisha mno.

Wiki iliyopita niliazima za Dastan, rafiki yangu wa Lundo, nizijaribu. Bibi akaniita. Unamjua, huita mara moja tu, akangoja kuitikiwa "naam". Kwake mtu mzima kurudia mwito ni kama kuomba. Sikusikia. Akajiendea uani bila fimbo, akateleza kizingitini. Cleopa ndiye aliyemkuta amekaa chini akamnyanyua, na mimi chumbani nashangilia goli. Hakuvunjika. Kifundo cha mkono kilivimba, sasa kinapungua.

Hakunisema hata neno, na afadhali angenisema. Tangu siku ile haniiti, Dada. Akitaka maji anajikongoja hadi mtungini, akitaka kuota jua anaburuta kigoda mwenyewe. Nikimkimbilia ananiambia niendelee na mpira wangu. Za Dastan nimezirudisha. Nakaa nimetega sikio hata mchezo umenishinda. Paka akiruka, nasema naam. Naogopa ataanguka tena, na zaidi naogopa kwamba ameshazoea kutoniita.

Nilitaka kukuambia usinunue kabisa. Kisha nikasema ununue zilizo wazi nyuma, nisikie ya nje. Mashine ikawashwa, nikabadili tena. Mshika mbili moja humponyoka, najua, lakini mimi nazitaka zote mbili.

Jana alasiri nilikuwa nachambua hawa dagaa wako, nikasikia, "Vitalisi." Nikaitikia kabla hajamaliza jina, nikakimbia na mikono inanuka samaki. Nilimkuta ameketi kitandani, ametulia. Nikamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu," akasema. "Nilikuwa napima."

Sikujua nicheke au nilie, nikarudi kwenye dagaa. Basi, Dada, nunua za kuziba, ila upande wa kushoto uwe unageuka, niweze kuusukuma nyuma ya sikio. Chumba cha Bibi kiko kushoto kwangu. Kama hazipo za namna hiyo, rudi mikono mitupu, sitanuna.

Nisalimie shemeji, mtoto, na shangazi Benadetha ukimwona kanisani. Baba mkubwa Nicholaus alishuka kutoka Mbinga juzi, kahawa yake ni nzuri mwaka huu, anawasalimu wote. Mungu awafunike huko mliko, na mtoto alale bila kukohoa.

Nilikuwa na mengine ya kukuandikia, lakini naitwa.

Mdogo wako akupendaye,
Vitalis